Nyimbo elfu tano za marehemu baba: nitumie programu gani kuziandikia majina?

Swali: Marehemu baba alituachia kaseti nyingi za taarab na dansi. Kaka yangu alizipeleka kwa fundi, zikaingizwa kwenye kompyuta. Sasa nina faili karibu elfu tano, nyingi MP3 na nyingine WAV. Nyingi zinaitwa "Track 01", "Track 02", na zile nilizopakua mwenyewe mtandaoni zimebeba majina ya tovuti. Mmoja ameniambia nitumie Picard, mwingine Mp3tag, wa tatu anasema zipo app za simu zinazofanya kila kitu zenyewe. Nina laptop ya Windows na simu ya Android. Nichague ipi, na isije ikaniharibia nyimbo? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada, poleni kwa msiba, na hongera kwa kuwahi kuzitoa nyimbo hizo kwenye mkanda kabla haujashikana. Sakinisha Mp3tag kwenye laptop yako na uifanye ndiyo programu ya kazi. Picard iwe ya pembeni, kwa ile sehemu ndogo ya mkusanyiko iliyotoka kwenye CD. Za simu ziache kabisa kwa kazi hii. Sababu nitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa ndizo zitakazokuongoza hata katika mambo ambayo hukuniuliza.

Programu hizi ziko za namna mbili. Namna ya kwanza huingia mtandaoni, ikatafuta wimbo huu ni upi, ikakujazia taarifa. Namna ya pili haijui chochote kuhusu muziki. Inakupa jedwali la faili zako na inakuwezesha kuandika kwa faili moja au kwa mia tatu kwa mkupuo. Mp3tag kimsingi ni ya namna ya pili, Picard ni ya kwanza. Inategemea MusicBrainz, hifadhidata huria inayojazwa na watu wa kujitolea duniani kote, pamoja na AcoustID, ambayo huchukua dakika mbili za mwanzo za wimbo, ikatengeneza alama ya sauti, kisha ikailinganisha na alama ambazo watu wengine wamekwisha kuzituma. Mtu mwenye CD mia tano za Ulaya na Marekani hana haja ya kutafuta programu nyingine. Anakokota folda, anabofya, na albamu zinajipanga zenyewe upande wa kulia, majalada yakiwa mahali pake.

Mkusanyiko wa baba yako ni wa aina nyingine. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania ilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na nyimbo nyingi kati ya hizo hazikuwahi kutoka kwenye santuri. Zilizotoka, nyingi zilichapwa Nairobi kwenye santuri ndogo za 45. Taarab za vikundi zilisambaa kwa kaseti zilizorudufiwa dukani, jalada likiwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na wengine walinasa kipindi cha redio wakiwa sebuleni. Sasa, hifadhidata za mtandaoni zimejengwa juu ya matoleo: kwanza pawe na santuri, kaseti au CD iliyotolewa rasmi, yenye jina na namba, ndipo wimbo upate pa kukaa. Wimbo ulionaswa redioni mara nyingi hauna pa kukaa humo. Hata ule uliomo unaweza usitambulike, kwa sababu kaseti ikichezwa kwa kasi iliyozidi au kupungua kidogo tu, alama ya sauti mara nyingi hailingani tena na ya asili.

Picard isipopata jibu, hakuna hasara, faili inabaki kama ilivyokuwa. Kinachonitia wasiwasi ni jibu lililo sahihi nusu. Chukua wimbo wa Mbaraka Mwinshehe wa miaka ya 1970 aliokuwa nao baba kutoka santuri ya wakati ule. Programu inaweza kuuoanisha na CD ya mkusanyiko iliyotolewa Ulaya miongo miwili baadaye. Jina la wimbo litakuwa sawa, la msanii sawa, lakini albamu itakuwa ya CD ambayo baba hakuwahi kuishika, na mwaka utakuwa wa CD. Mwinshehe alifariki mwaka 1979, halafu wajukuu watasoma kwamba aliuimba wimbo huo mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukifanya hivyo kwa nyimbo elfu tano kwa usiku mmoja, hutajua tena ipi ni taarifa ya baba na ipi imeletwa na mashine. App za simu zinazojisifu kufanya kila kitu zenyewe zina hatari hiyohiyo, na kwenye kioo kidogo huoni vizuri kinachobadilishwa. Simu iache iwe ya kusikilizia.

Kuhusu hofu yako ya kuharibu nyimbo, sauti yenyewe haiguswi. Lebo za MP3, yaani taarifa za jina, msanii na albamu zilizomo ndani ya faili, hukaa kabla ya sauti au baada yake, na programu nzuri huandika hapo tu bila kuifinya sauti upya. Lebo za kwanza, ID3 za mwaka 1996, zilikuwa kipande cha baiti 128 mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka. Ndiyo maana redio nyingine za gari hukata majina katikati. Zinasoma kipande hicho cha zamani. Toleo la pili huwekwa mwanzoni mwa faili na halina mipaka hiyo. Humo ndani, toleo la 2.3 ndilo linaloeleweka na vifaa vingi zaidi, redio za gari na spika za flashi zikiwemo. La 2.4 ni bora kwa baadhi ya mambo, lakini vifaa vya zamani hulikataa. Mp3tag huandika 2.3 yenyewe bila kuambiwa. Picard huandika 2.4, kwa hiyo ukiitumia, ingia kwenye mipangilio yake ubadilishe kuwa 2.3.

Zile WAV usizipe lebo zikiwa hivyo. Zinaweza kubeba lebo, lakini vichezeshi vingi havizisomi, na utafanya kazi bure. Zigeuze kwanza ziwe FLAC, kwa mfano kwa programu ya bure inayoitwa fre:ac. FLAC haipunguzi chochote katika sauti, faili hubaki karibu nusu ya ukubwa wake au zaidi kidogo, na lebo zake hazina matata. Tena kila faili ya FLAC hubeba ndani yake alama ya ukaguzi ya sauti, kwa hiyo hata baada ya miaka kumi ya kubadilisha lebo unaweza kuthibitisha kwamba sauti ni ileile aliyoitoa fundi. Lakini MP3 usizigeuze kuwa FLAC. Kilichokwisha kupotea humo hakirudi, utaongeza ukubwa tu.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke kabatini. Hilo halina mjadala. Na kama laptop yako inatuma folda ya muziki kwenye hifadhi ya mtandaoni, izime huduma hiyo mpaka umalize. Kila faili unayoiandikia lebo huhesabiwa kuwa faili mpya na inaweza kutumwa upya yote, na bando lako litakwisha kabla hujafika herufi B.

Sasa tuione kazi yenyewe. Fungua Mp3tag, kokota folda moja tu, siyo zote. Kushoto utaona visanduku: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, namba, aina, maoni. Kulia ni jedwali la faili. Chagua faili zote za upande mmoja wa kaseti, na kila kisanduku ambacho faili zinatofautiana kitaonyesha neno < keep >, yaani kilichomo kwenye kila faili kibaki. Hapo andika msanii na albamu tu, kisha uhifadhi. Majina ya nyimbo hayataguswa. Kosa ambalo wengi hulifanya siku ya kwanza ni kuandika jina la wimbo mmoja huku faili arobaini zimechaguliwa, na zote arobaini zinapata jina moja. Ukigundua papo hapo, bonyeza Ctrl na Z, inatendua. Ukigundua wiki ijayo, ndipo ile diski ya kabatini itakapokusaidia.

Zile ulizopakua, ambazo taarifa zake zimo kwenye jina la faili, usiziandike moja moja. Tuseme jina limekaa hivi: namba, kistari, Culture Musical Club, kistari, jina la wimbo. Zichague zote, bonyeza Alt na 2, kisha andika %track% - %artist% - %title%. Kabla hujakubali, programu inakuonyesha mfano wa kitakachoingia kwenye kila kisanduku. Utazame kwa makini, kwani faili moja yenye kistari cha ziada ndani ya jina la wimbo huvuruga mpangilio. Alt na 1 hufanya kinyume chake: huchukua lebo ulizozisafisha na kuzigeuza kuwa jina la faili. Namba mbili hizi peke yake zitakumalizia sehemu kubwa ya mkusanyiko. Majina ya tovuti yaliyochomekwa kwenye albamu na maoni unaweza kuyafuta kwa mara moja kwa kutengeneza kitendo cha kutafuta na kubadilisha, ukakihifadhi, na ukakitumia tena kwa kila folda.

Programu yoyote itakwama usipoamua mapema jinsi ya kuandika majina, na muziki wetu una mitego yake. Bofya kichwa cha safu ya msanii jedwali lijipange, uone: Bi Kidude, Bi. Kidude, Kidude binti Baraka, Fatuma binti Baraka. Kwenye simu hao watakuwa wasanii wanne. Chagua jina moja, uchague faili zote hizo, uandike mara moja.

Mtego mkubwa zaidi ni wa bendi. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ikaja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Bendi ni moja, majina manne, kila jina lina nyimbo zake na zama zake. Ukiyafuta yote ukaandika Msondo Ngoma, umefuta historia. Mtu anayejua atasikia wimbo wa NUTA na kushangaa umeitwa Msondo. Ukiacha yalivyo, mkusanyiko wako utatawanyika. Mimi ningeandika kwenye msanii jina la wakati ule wimbo ulipotoka, kisha kwenye kisanduku cha ziada kinachoitwa GROUPING niandike Msondo kwa faili zote. Visanduku vya ziada viko ukibonyeza Alt na T. Baadaye ukibonyeza F3 na kuandika Msondo kwenye kichujio, zote zinajitokeza pamoja bila kujali jina. Kinyume chake kipo pia. Simba Wanyika, Les Wanyika na Super Wanyika zina majina yanayofanana, lakini ni bendi tofauti; Les Wanyika ilimeguka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978. Ukiona mashine inapendekeza kuziunganisha, kataa.

Herufi ng' nayo isimamie. Alama ile ya juu inaweza kuandikwa ikiwa imenyooka, kama ilivyo kwenye kibodi, au ikiwa imepinda kama wanavyoipenda wachapaji. Kwa jicho ni kitu kilekile, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na ukitafuta jina lenye ng' utapata nusu ya nyimbo. MusicBrainz hupendelea iliyopinda. Ndani ya Picard kuna mpangilio wa kubadilisha alama za uandishi ziwe za kawaida, uwashe.

Kisanduku cha aina ya muziki usikubali kujaziwa na mtu mwingine. Orodha ya kwanza ya ID3 ilikuwa na aina 80, na humo hamna taarab, hamna dansi, hamna benga. Kilichokuwepo ni neno la jumla la muziki wa kikabila, na faili nyingi za Afrika zilitupwa humo. Toleo la pili linakuruhusu kuandika utakacho, basi andika: Taarab, Dansi, Kidumbaki, Chakacha, Benga. Kama baba alitenganisha taarab asilia na ya kisasa kwenye rafu yake, nawe tenganisha hivyohivyo.

Mwaka ukiujua, uandike. Usipoujua, acha wazi. Kisanduku kitupu kinamwambia anayekuja baadaye kwamba bado panatafutwa, lakini mwaka wa kubahatisha utanakiliwa na kusambazwa kana kwamba ni kweli. Kama una fununu, iandike kwenye maoni: "huenda ni kati ya 1975 na 1980, kwa mujibu wa mwandiko wa jalada." Kwenye maoni hayohayo andika na asili ya faili: kaseti ipi, upande upi, nani aliiingiza kwenye kompyuta, lini. Kama baba aliandika kitu kwenye jalada la kaseti, kiandike vilevile kilivyo, hata kama tahajia yake si ya kamusi. Nasisitiza hili kuliko yote niliyoyasema. Jina la wimbo mtu mwingine anaweza kulipata kwingine, lakini maneno aliyoyaandika baba kwenye karatasi ile yapo kwako tu.

Usisahau kisanduku cha mtunzi. Katika dansi, wasikilizaji wengi hukumbuka wimbo kwa mtunzi na mwimbaji kuliko kwa bendi, na watunzi walihama bendi mara kwa mara. Ukikijaza, utaweza kumfuata mtunzi mmoja kutoka bendi hadi bendi.

Santuri za 45 zina jambo lake: wimbo mrefu ulikatwa, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Usiziunganishe faili hizo. Zipe jina moja la wimbo na uongeze "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2", namba 1 na 2, albamu iwe namba iliyochapwa kwenye santuri kama unayo. Kwa santuri kama hizo tovuti ya Discogs ni msaada mkubwa kuliko MusicBrainz, kwani wakusanyaji wamepakia picha za lebo za santuri nyingi za Kenya na Tanzania. Mp3tag inaweza kuitafuta Discogs moja kwa moja ukiwa na akaunti ya bure, lakini kwa kaseti na santuri zetu nakushauri ufungue ukurasa wenyewe, utazame picha ya lebo, kisha uandike kwa mkono.

Picha za majalada: zipige kwa simu mchana karibu na dirisha, uzipunguze zifike kama pikseli 800 kwa 800, kisha uziweke ndani ya faili. Kubwa zaidi ya hapo hukwamisha redio za gari na kujaza simu bure.

Kwa zile CD halisi, ndipo Picard inapostahili. Hakikisha kubadilisha majina ya faili na kuzihamisha folda kumezimwa, weka kisanduku cha maoni katika orodha ya vitu visivyoguswa, na kabla ya kuhifadhi tazama rangi kando ya kila wimbo. Kijani maana yake imelingana vizuri. Ikielekea nyekundu, fungua usikilize. Kama siku moja utahamia Linux, Mp3tag haina toleo la huko. Chukua Kid3, ambayo ni ya bure na inafanya karibu kazi zote nilizozitaja. Kazi uliyokwisha kuifanya haitapotea, kwa kuwa lebo zimo ndani ya faili zenyewe. Ndiyo sababu sikushauri programu za kusikilizia zinazoweka nyota na orodha kwenye hifadhi yake ya ndani: ukibadilisha kompyuta, yote yanabaki huko.

Bado kuna zile "Track 01" ambazo hakuna mashine wala tovuti inayozijua. Kwa hizo, Mp3tag inaweza kutoa orodha ya folda nzima kama jedwali la kuchapa. Ichape ukiacha nafasi pana mbele ya kila namba, weka nyimbo zilezile kwenye flashi kwa mpangilio uleule, umpelekee mama, wajomba, na rafiki wa baba aliyekuwa akibadilishana naye kaseti. Wape spika na kalamu. Kila jina utakaloletewa liingize kwenye kisanduku chake, na kwenye maoni andika nani amelitaja. Wakitofautiana wawili, yaandike yote mawili.